Uzito wa Shaba

Kariobangi mtu akitaka kununua kitu huuliza bei kwanza, kisha ndipo amwulize fundi jina lake. Katika banda la Kavinya Munyoki mambo yalikwenda kinyume. Mteja aliingia akipenya kati ya wachomeleaji wa milango na watengenezaji wa majiko, na kabla hajafungua kinywa kuuliza bei, Kavinya alikuwa ameshamwekea sanduku mikononi.

"Libebe kwanza," alimwambia. "Kisha nenda dukani ubebe la huko. Mkono hauna uongo."

Sanduku lenyewe lilikuwa stabilaiza, chombo ambacho watu wa Eastlands, mitaa ya mashariki ya jiji, hukiweka kati ya soketi na friji ili stima ikipanda ghafla isiiunguze mashine, na ikishuka isiinyonge. Ndani yake mna transfoma, kipande cha chuma kilichozungushiwa waya wa shaba mamia ya mara hadi ukawa koili, na kazi ya kuuzungusha waya huo ndiyo iliyomlea Kavinya. Babake, marehemu Munyoki, alikuwa msukaji wa mota katika kiwanda kimoja cha Eneo la Viwanda. Kiwanda kilipofungwa milango, alikuja Kariobangi na mashine moja ya mkono ya kuzungushia waya, na binti mmoja aliyemaliza shule ya upili bila karo ya kusonga mbele. Akamketisha mbele ya ile mashine. Akamfundisha kuhesabu kwa sauti ya chini na kutomjibu mtu yeyote anapohesabu, kwa sababu ukipotewa na hesabu ukiwa mzunguko wa mia tatu, dawa ni moja tu: kuufumua wote na kuanza upya.

Kavinya hakupotewa. Alipofikisha umri wa miaka arubaini na mitatu, mama wa watoto wawili, Mumo na mdogo wake, alikuwa hodari kuliko babake alivyowahi kuwa. Mafundi wanaume waliomwita "mathe wa koili" kwa dhihaka walikuwa wakimletea mota zao kwa mlango wa nyuma.

Ule mtihani wa kubeba ulikuwa wake mwenyewe. Miaka mingi nyuma, masanduku ya bei rahisi yalipoanza kuingia sokoni, yalikuwa yamesukwa kwa waya wa alumini uliopakwa rangi ya shaba. Kwa macho huwezi kuutambua. Lakini alumini ni nyepesi, na Kavinya akaona hapo ndipo pa kumkamata mwongo. Akawafundisha wanawake wenzake wa kanisani: lililo zito ni shaba, lililo jepesi ni bati tupu. Funzo hilo lilitoka kanisani likaenda sokoni, likatoka Kariobangi likafika Dandora, Umoja na Pipeline, hata ikawa ni jambo la kawaida kumwona mtu dukani akiwa amebeba sanduku kwa mkono wa kulia na jingine kwa wa kushoto, macho ameyafumba, kama anayeomba.

Kwa miaka kadhaa mkono uliilinda haki. Kisha soko likageuka.

Masanduku mapya yalikuja yakiwa yamejaa makontena. Yalikuwa na taa za kijani, tarakimu zinazowaka, na bei ambayo Kavinya alipoisikia mara ya kwanza alimwomba mtu airudie. Sanduku zima, pamoja na boksi lake la kadibodi na kijitabu cha maelezo, liliuzwa kwa fedha zilizopungua zile alizolipa yeye kwa waya peke yake. Wasomi husema soko huria humpa mnunuzi uhuru wa kuchagua. Na wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wahenga hawakuwahi kufungua duka Kariobangi. Huko kibaya huletwa kwa lori, kikapangwa kwenye rafu zenye taa, na kizuri ndicho hutembezwa mlango kwa mlango kikiwa kimefungwa kwa leso mgongoni mwa mwanamke.

Lililomkereketa zaidi lilikuwa stika. Kila sanduku la kontena lilikuja limebandikwa alama ya ubora, inang'aa kama nishani. Kavinya naye aliitaka. Afisa mmoja akaja kumkagua, akasimama kwenye sakafu ya udongo uliolowa mafuta, akasema kila ukubwa wa sanduku lazima uombewe kibali chake na upimwe katika maabara yake, na kwamba karakana iwe na sakafu ya vigae na ofisi yenye mlango. Kavinya akamwuliza kama kuna aliyekwenda kuikagua sakafu ya kiwanda kile cha ng'ambo. Afisa akacheka, akaandika kitu, akaenda zake, hakurudi tena.

Kana kwamba hayo hayakutosha, wezi wakawa wanashusha transfoma mitaani wazitoe shaba, na kila transfoma ilipoibwa, polisi walianza kwa wasukaji wa mota. Mwanamke anayelipa kodi ya soko kila siku alilazimika kupiga picha kila mota iliyoungua ikiwa pamoja na mwenyewe, ili akiulizwa ile shaba kuukuu ameitoa wapi awe na la kuonyesha. Aliyeuza alumini kwa jina la shaba hakuulizwa na mtu.

Kufikia Februari, Kavinya alikuwa amebaki na mfanyakazi mmoja, mzee Kimanzi, aliyekunja mabati ya masanduku na kuyapaka rangi. Mwenye banda alikuwa ameshampa habari: kuna kijana anataka kuweka mahali hapo meza za kuchezea pulu, na analipa mwaka mzima kwa mpigo. Amjibu kufikia mwisho wa mwezi.

Ndipo Pipeline ikaungua. Si moto wa nyumba. Jumanne moja adhuhuri stima ilipotea katika safu nzima ya magorofa, na iliporudi ilirudi na hasira. Katika dakika moja friji na friza za wauza maziwa, wauza samaki na wauza barafu zilipiga kelele zikanyamaza. Wanawake wa chama kimoja cha wachuuzi, thelathini kwa idadi, walipoteza mali ya wiki nzima. Wakaapa kwamba kila mmoja atakuwa na stabilaiza, na kwamba watazinunua pamoja, mahali pamoja.

Thelathini. Kavinya alipopata habari aliketi chini. Wauzaji wakubwa wa waya hawakati. Wanauza dramu nzima, lile gurudumu kubwa la waya, au wanakwambia uende. Dramu moja hutoa masanduku thelathini. Akipata oda yote, arubuni ya chama ingenunua dramu, angelipa banda, mzee Kimanzi angebaki. Hata ishirini na tano zingemtosha. Chini ya hapo hesabu ilikataa, na alijua ilikataa kwa sababu alikuwa ameirudia mara nne.

Jumapili baada ya ibada alilibeba sanduku lake bora hadi Pipeline, kwenye kibanda cha mwenyekiti wa chama, Beldina, mwanamke mnene mwenye sauti ya kengele aliyekaanga samaki kwenye ghorofa ya chini ya jengo la orofa nane. Beldina alikuwa mmoja wa wachache waliokuwa na mita yao wenyewe ya tokeni, ile ya kulipia stima kabla ya kuitumia. Wanachama walikuwa wameketi kwenye kreti za soda kibandani na nje, hadi ngazini.

Luseno alikuwa ameshafika. Alikuwa na duka la vifaa vya stima karibu na stendi ya Kariobangi, mtu mstaarabu mwenye shati lililopigwa pasi. Alikuja jijini akiwa kibarua wa kiwanda cha balbu na hakusahau kuwasimulia watu hivyo. Sanduku lake lilikuwa mezani, stika inang'aa, ubavuni limeandikwa shaba tupu. Beldina alikuwa amelilipia kwa fedha za chama kama mfano, na likiwapendeza wangechukua mengine ishirini na tisa.

"Fundi wangu," Luseno alimsalimia, akampisha kiti.

Hakukuwa na hotuba. Wanawake wa Pipeline walifanya vile walivyofundishwa. Mmoja baada ya mwingine walisimama, wakafumba macho, wakabeba la Kavinya, kisha wakabeba la Luseno. Na mmoja baada ya mwingine walimtazama Kavinya kwa huruma iliyomchoma kuliko matusi.

"Mama Mumo," alisema Triza, muuza maziwa ya mala aliyekuwa rafiki yake tangu watoto wao wakiwa darasa moja, "usinikasirikie. Lako ni jepesi."

Kavinya alilibeba la Luseno. Kweli, lililishinda lake kwa kilo mbili au zaidi. Akaliinamisha kushoto, akaliinamisha kulia. Alikuwa amebeba masanduku maisha yake yote, na huu uzito haukukaa pale uzito wa koili unapokaa. Ulikuwa umelala upande mmoja, kama mtu aliyejificha chini ya kitanda.

Aliomba bisibisi alifungue.

Luseno akatabasamu, akaonyesha kipande cha plastiki nyekundu kilichozibwa juu ya skrubu. Huo ulikuwa muhuri, alieleza kwa upole. Ukikatwa, waranti ya mwaka mmoja imekufa, na kampuni haitalipokea tena. Hakutaka akina mama wapoteze haki yao kwa sababu ya wivu wa biashara. Neno wivu likazunguka kibandani, na Kavinya akaona vichwa vikiafiki.

Hata hivyo Kavinya hakuliachia lile sanduku. Watu wasiomjua wangesema alikuwa akililia oda. Alikuwa akililia oda, ndiyo; nani asiyelilia kazi yake? Lakini alichokiona pale kilikuwa kibaya zaidi ya oda kupotea. Aliwaona wanawake ambao mali yao ilikuwa imeoza siku tano zilizopita wakijiandaa kulipa tena, na kile kitu cha kuwalinda, mkono wao wenyewe, ndicho kilichokuwa kikiwapeleka machinjoni. Na akakatazwa kufungua. Muhuri uliwekwa ili kumlinda nani?

Akavuta pumzi. Akasema vizuri, lisifunguliwe. Wacha mita iseme.

Mtu wa Pipeline anaweza asijue wati ni nini, lakini anaijua ile taa nyekundu ya mita ya tokeni. Ikikonyeza haraka, unajua kuna mtu amewasha hita ya maji. Wapangaji hugombana kwa ajili yake, ndoa hugombana kwa ajili yake. Kavinya alimwomba Beldina azime kila kitu: friza, balbu, redio, chaja za simu. Taa ya mita ikatulia kabisa. Kisha akachomeka sanduku lake peke yake, bila friji, bila chochote mbele yake, na kumpa Triza simu ahesabu dakika kumi.

Dakika kumi ni ndefu kwa watu thelathini wanaoitazama taa. Mtu mmoja alisema hata kanisani hawajawahi kunyamaza hivi. Taa ikakonyeza. Ikakonyeza tena. Dakika zilipoisha ilikuwa imekonyeza mara nne.

Akachomeka la Luseno.

Taa haikungoja. Moja, mbili, wanawake wakaanza kuhesabu kwa sauti, tatu, na kila hesabu ilivyopanda sauti nazo zikapanda, hata wapangaji wa ghorofa ya pili wakachungulia ngazini. Kumi na tatu.

"Na hapo halijafanya kazi yoyote," Kavinya alisema. "Limekaa tu. Likikaa hivyo usiku na mchana linakula zaidi ya uniti moja ya bure kila siku, hata ukiwa umelala, hata ukiwa umeenda kuzika."

Beldina aliweka kiganja juu ya lile sanduku, akakiondoa upesi. Lilikuwa limepata joto kama sufuria. Luseno alianza kusema kwamba hayo ni mambo ya stima ya mtaa huu, kwamba volteji ikiwa mbovu hata mashine nzuri huonekana mbaya. Beldina hakumsikiliza. Alichomoa waya, akachukua kisu chake cha kuparia samaki.

"Mama, waranti," Luseno alisema.

"Tumelipia, baba. Ni letu." Akakata muhuri. "Kama nitakufa bila waranti, nitakufa nikijua nimekula nini."

Kavinya alifungua skrubu sita. Kifuniko kilipotoka, wanawake walioketi mbele walisimama, na wa nyuma wakawasukuma. Pembeni mlikuwa na transfoma ndogo yenye ukubwa wa mkate wa bei ya chini. Kavinya aliukwangua waya wake kwa ncha ya bisibisi, ukatokea weupe wa alumini. Na upande wa pili, limemwagwa ndani ya bati hadi likashikana nalo, mlikuwa na bonge la simiti. Halikuwa limefichwa kwa ustadi. Lilikuwa hata na alama za vidole vya mtu aliyelilainisha kabla halijakauka.

Triza alinyoosha mkono akaligusa, akakwangua kwa ukucha, vumbi la kijivu likabaki kidoleni. Mwanamke mmoja alianza kucheka kicheko kisicho na furaha, akasema kumbe kwa simiti hiyo amekwisha kujenga, ana ploti, na hakuwa akijua.

Kavinya alitarajia Luseno angeona haya. Alikuwa ameyaandaa maneno ya kumwambia, maneno ya miaka. Lakini Luseno alikunja mikono ya shati lake taratibu, na alipozungumza hakuzungumza kama mtu aliyekamatwa.

"Fundi, mwaka juzi nilileta masanduku mengine. Ya elektroniki, hayana transfoma kubwa. Mazuri, hata wewe ungeyapenda. Unayakumbuka?"

Kavinya alikiweka kifuniko mezani.

"Ulikuja dukani kwangu ukabeba moja, kukiwa na wateja wanne. Ukasema, hili ni kopo la maziwa limekwisha kunywewa. Watu wakacheka. Nilikaa nayo miezi minane hakuna aliyenunua. Kila mtu anabeba, anarudisha. Nikawaambia wanaoniuzia kwamba watu wangu wanataka zito. Wakaniletea zito." Aliinua mabega. "Nyinyi ndio mliagiza simiti. Mimi nilileta tu."

Lilikuwa jibu la mfanyabiashara, na ndani yake mlikuwa na uongo mwingi, kwa maana hakuna mtu aliyemwomba aweke alumini ndani na kuandika shaba nje. Lakini mlikuwa pia na ukweli mmoja, na ule ukweli ulimpata Kavinya mahali pasipo na ngozi. Alilikumbuka lile sanduku jepesi. Alikumbuka kicheko cha wateja na jinsi kilivyompendeza. Hakulifungua. Yeye, binti Munyoki, aliyeomba bisibisi leo kwa hasira yote, siku ile hakuomba.

Angeweza kunyamaza, na oda ingekuwa yake yote thelathini, kwa sababu wanawake walikuwa wameshamgeukia. Badala yake aliwaambia. Aliwaeleza kwamba Luseno hasemi uongo katika hilo. Kwamba yeye ndiye aliyeanzisha mchezo wa kubeba, na mchezo huo uliua mashine ambayo huenda ilikuwa nzuri, na ukawafundisha wezi mahali pa kuweka simiti. Akawaomba wasimwamini yeye pia. Kila sanduku litakaloingia chamani, liwe lake, liwe la nani, lije bila muhuri na likae dakika kumi kwenye mita ya Beldina kabla halijalipiwa. Taa ikikonyeza zaidi ya mara tano, lirudi kwa mwenyewe.

Beldina akasema hayo ndiyo maneno, na akayapitisha papo hapo kuwa sheria ya chama. Kisha akaita majina ili kila mmoja aseme atachukua la nani.

Hapo ndipo moyo wa Kavinya ulipoanza kushuka. Kumi na tisa walimchagua yeye. Kumi na mmoja walitazamana, na mwisho Triza akasimama kwa niaba yao. Walikuwa wapangaji wasio na mita zao, ambao stima yao imo ndani ya kodi. Taa ikikonyeza mara nne au arubaini, ni ya mwenye nyumba. Na la Luseno lilikuwa nusu ya bei, la kulipwa kidogo kidogo kila wiki. Wangemwomba mwenyekiti awaondolee ile sheria.

"Triza," Kavinya alisema polepole, "umeona kilichomo."

"Nimeona. Ni simiti." Triza hakumtazama usoni. "Lina kale katransfoma pembeni. Kakinisaidia miezi minne nitakuwa nimepata pa kuanzia. Lako siwezi kulilipa hata kesho Yesu akirudi. Unataka nifanye nini, Mama Mumo? Nirudi kwa friji bila kitu?"

Mtu anaweza kumkasirikia anayedanganywa, anaweza kumfundisha asiyejua. Lakini huyu alikuwa amefunguliwa sanduku mchana kweupe, ameigusa simiti kwa kidole chake, na bado akalazimika kuinunua kwa sababu nchi hii ina bei mbili za kila kitu, moja ya kitu na nyingine ya mfano wa kitu, na maskini ameruhusiwa ile ya pili tu. Kisha wataalamu huandika katika magazeti kwamba wananchi wa kipato cha chini hupendelea bidhaa hafifu. Hupendelea! Kama anavyopendelea kiwete kuchechemea.

Beldina aliwakubalia wale kumi na mmoja, akiwa amenuna, kwa sharti kwamba Luseno atawauzia kwa bei ya chini zaidi na aandike kwa mkono wake kwamba ndani mna alumini. Luseno alipunguza bei. Kuandika, alisema ataangalia.

Kavinya aliondoka na kumi na tisa.

Usiku ule mzee Kimanzi aliuliza kama aanze kukunja mabati au afunge virago arudi kwao Mwala. Kavinya akamwambia akunje kumi na tisa. Dramu nzima haikuwezekana, na neno lake alikuwa ameshalitoa. Mwenye banda atajibiwa kwamba mwanamke bado yupo, na akitaka kumtoa alete askari, kwa sababu mkataba ulikuwa wa hadi Agosti na yeye alikuwa amechoka kuondoka polepole ili wengine wapite.

Lakini waya ungetoka wapi? Katika Kariobangi yote kulikuwa na duka moja tu lililokata dramu na kuuza shaba kwa kilo. Saa mbili asubuhi ya Jumatatu Kavinya alisimama mbele ya kaunta ya Luseno.

Luseno hakujisifu wala hakumkwepa. Biashara haigombi, alisema, akateremsha maroli manne ya waya kutoka kwenye rafu, yote mekundu, yote yamefungwa vizuri. Akataja bei ya kilo. Ilikuwa juu ya ile ya dramu, kama ilivyo desturi, maana asiyeweza kununua kingi ndiye hulipishwa zaidi kwa kidogo. Kavinya hakubishana. Alitoa wembe mfukoni mwa aproni, akafungua ncha ya roli la kwanza, akaanza kukwangua vanishi inayoufunika waya.

"Fundi, wananiamini hapa," Luseno alisema kwa sauti ya chini. Nyuma ya Kavinya kulikuwa na foleni ya watu watano, sita.

Kavinya alikwangua hadi rangi ikaonekana. Kisha akaikata ncha, akaiangalia katikati, akawasha kiberiti cha gesi akaishika ncha ndani ya mwali. Waya ukawa mwekundu, ukang'aa, ukasimama wima. Akauweka kando. Akachukua la pili. Likasimama. Luseno akamwambia anamchelewesha. Akajibu kwamba ndiyo, anamchelewesha.

La tatu lilipoingia motoni lilijikunja kabla hajahesabu tano. Ncha ikayeyuka, ikadondoka juu ya kaunta, tone jeupe la kung'aa kama bati la kopo.

Kavinya alilisukuma roli lile upande wa mwenye duka, akaomba la nne.

Mwanamume aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, fundi wa nyumba kwa vile ovaroli yake ilivyojaa rangi, alimwuliza alichokuwa akikitafuta. Kavinya akamweleza, wembe ukiwa mkononi, kwa maneno machache na kwa sauti ya kutosha wengine kusikia: shaba husimama, alumini huanguka, na rangi ya nje haimaanishi kitu. Yule mwanamume alimsikiliza hadi mwisho. Kisha aliinama, akafungua mfuko wake wa plastiki, akatoa roli la waya wa nyumba alilokuwa amelinunua dukani humo jana yake, akaliweka kauntani karibu na la Kavinya.

"Dada," alisema, "ukimaliza niazime huo wembe."